Tumewaketisha wazee wasianguke: je, ndiyo salama?

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 27, ni mhudumu katika nyumba binafsi ya kulea wazee hapa Dar es Salaam. Tuna wazee 17, na kila zamu tupo wahudumu wanne. Miezi miwili iliyopita bibi mmoja wa miaka 84 aliteleza bafuni akaumia mkono, na ndugu zake wakaja juu sana. Tangu siku hiyo msimamizi ametoa amri: wazee wakae vitini, kila kitu waletewe, na chooni wapelekwe kwa kiti cha magurudumu. Yule bibi alikuwa akitembea mwenyewe. Sasa hata kusimama anatetemeka, na anasema ataanguka. Nimesikia kwamba mazoezi huwasaidia wazee, lakini wenzangu wananicheka: mtu wa miaka 84 afanye mazoezi ya nini? Vifaa hatuna. Je, ni kweli yanawafaa wazee waliochoka kiasi hiki? Na kama yanawafaa, nianzie wapi?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema sasa hata kusimama anatetemeka. Bibi aliumia mkono, na mkono unapona. Miguu haikuumia siku ile. Miguu imedhoofika ndani ya miezi miwili ya kiti.

Sisemi hivi kumlaumu msimamizi wako, maana kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena kwa mama yangu mzazi, nikiwa tayari na cheti cha tiba ya viungo ukutani. Aliugua nimonia, akalala wiki mbili. Aliporudi nyumbani tulimpokea kama malkia. Maji ya kunywa aliletewa, ya kuoga aliletewa, akitaka kuinuka wajukuu wawili walimshika kwapani wakamnyanyua. "Mama, wewe pumzika." Tulikuwa tunamheshimu, na moyoni tuliona tunafanya vizuri. Baada ya miezi miwili alishindwa kuinuka kutoka sijda, akaanza kuswali juu ya kiti. Sote tukasema ni uzee. Haukuwa uzee. Ilinichukua karibu miezi minne ya kazi ya kila siku kumrudisha asimame bila kushikwa, na kuhusu mkeka wake wa kuswalia, hakuurudia tena.

Kwetu mzee kuhudumiwa ni heshima, na mtoto anayekaa huku mzazi wake akichota maji husemwa na mtaa mzima. Najua. Lakini msuli wa paja haujui kwamba umeketishwa kwa mapenzi. Unachojua ni kwamba leo haukutumika, na jana haukutumika, basi unapungua. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi huwasimulia wahudumu wote ninaowafundisha. Walichukua watu wazima wenye umri wa miaka 67 kwa wastani, wazima kabisa, wakawalaza kitandani siku 10 tu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa, na hawakuwa na miaka 84.

Sasa fikiria kinachotokea mtu anapoinuka kitini. Wewe ukiinuka, mapaja yako hutumia sehemu tu ya nguvu yalizonazo, ndiyo maana huoni hata kama ni kazi. Bibi wa miaka 84 hutumia karibu zote. Anaishi pembeni kabisa mwa uwezo wake, na hana akiba. Ukimpunguzia kidogo tu, anavuka mpaka: jana alikwenda chooni mwenyewe, leo anabebwa. Lakini mpaka huo huo unavukika kwa kurudi. Hahitaji kuwa na nguvu kama zako, anahitaji zile kidogo zinazomtosha kuinuka kitini bila mtu. Wenzako wanaocheka wanafikiria mazoezi ni kukimbia ufukweni asubuhi. Mimi nafikiria choo. Mtu anayeinuka mwenyewe kwenda chooni ana siri yake na stara yake, havalishwi nepi, na wala hangoji zamu ibadilike ndipo apelekwe.

Kama yanawafaa waliochoka sana, hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake waliandika kuhusu wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika kituo cha kulelea wazee mjini Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Wengi wao walikuwa na maradhi zaidi ya moja. Waliwainuisha uzito kwa miguu, tena uzito wa kweli, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile walizoanza nazo. Wawili waliacha mikongojo yao. Wenzako wakikuuliza tena mtu wa miaka 84 afanye mazoezi ya nini, waambie kuhusu hao wa Boston waliokuwa wakubwa kuliko bibi yenu. Waambie na jambo la pili, ambalo watu hulisahau: wazee hao walipoacha kwa wiki nne tu, walipoteza karibu theluthi moja ya nguvu hizo. Kwa hiyo usianzishe kitu cha kuwafurahisha wageni wa siku moja. Anzisha kitu ambacho nyumba yenu inaweza kukifanya hadi mwakani.

Miaka minne baadaye timu hiyo ilirudi na wazee 100 wa kituo hicho, wenye wastani wa miaka 87. Safari hii waliwagawa: wengine walifanya mazoezi, wengine walipewa kinywaji cha kuongeza lishe, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Baada ya wiki 10 waliofanya mazoezi walikuwa na nguvu zaidi ya maradufu, walitembea haraka zaidi na walipanda ngazi vizuri zaidi. Waliopewa kinywaji peke yake hawakupata nguvu. Nalieleza hili kwa sababu ndugu wengi wakiona mzee amedhoofika, wanaleta kopo la unga wa lishe na kuona wamemaliza. Chakula kinahitajika, nitakuja kukisema, ila msuli usiofanyishwa kazi hauna haja nacho.

Kuhusu kuanguka kwenyewe, ambako ndiko kulikomtia hofu msimamizi wako, nitakwambia ukweli wote. Tafiti zilizofanywa ndani ya makao ya wazee hazikubaliani. Nyingine zilipunguza kuanguka, nyingine hazikubadilisha kitu. Nikizitazama, naona kwamba mazoezi mepesi ya kupunga mikono ukiwa umekaa, kwa wiki chache, hayamzuii mtu kuanguka, na sijui kwa nini yangemzuia. Yaliyofanikiwa yalikuwa na mambo mawili pamoja: nguvu za miguu na mazoezi ya kusimama kwa usawa, na yaliendelea kwa miezi. Kule Australia, matokeo yaliyotoka mwaka 2018 kutoka makao 16 yenye wazee 221 yalionyesha kwamba waliofanya mpango wa namna hiyo walianguka kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 55 wakilinganishwa na wenzao. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na usawa siku tatu au zaidi kwa wiki, na halikuwaacha nje wenye maradhi ya kudumu wala walemavu. Linasema afanye kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Faida nyingine utaziona mwenyewe bila kusoma popote. Choo kigumu kinalegea, usingizi wa usiku unarudi kwa sababu mchana mtu amechoka kwa haki, sukari inashuka, presha inatulia kidogo, na makalio yaliyokuwa yakianza kuwa mekundu yanapumua. Ila kuna moja ambalo watu huahidiwa kupita kiasi, nalo ni kumbukumbu. Kama mna wazee wenye ugonjwa wa kusahau, msiwaambie ndugu kwamba mazoezi yatarudisha akili. Jaribio kubwa la Uingereza lililotoka mwaka 2018 liliona kwamba mazoezi hayakupunguza kasi ya kusahau. Wanachokipata wazee hao ni kingine, na kina thamani yake. Huko Toulouse, Ufaransa, wagonjwa wa namna hiyo waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima walichelewa kupoteza uwezo wa kuvaa, kuoga na kula wenyewe.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kumwinua mtu yeyote, kaa na daftari na wale wazee 17, mmoja mmoja. Uliza dawa. Nimeona wazee wengi walioangushwa na vidonge: dawa za presha zilizoandikwa walipokuwa na kilo 70 na sasa wana 48, dawa za kukojosha, vidonge vya usingizi, na glibenklamidi ya kisukari, ambayo kwa mzee asiyekula vizuri hushusha sukari ghafla. Pima presha mzee akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, usimwanzishie kusimama siku hiyo, peleka taarifa kwa daktari, kwa maana kinachohitaji kurekebishwa ni dawa au maji anayokunywa. Mimi naamini nyumba yoyote ya wazee ingepunguza kuanguka kwa kazi hii peke yake.

Halafu tazama miguuni. Wangapi wamevaa ndala? Ndala haishiki kisigino, mzee huiburuta ili isimtoke, na kuburuta ndiko kunakomwangusha. Wavae viatu vyenye mkanda wa nyuma na soli isiyoteleza, hata vya mtumba. Kama kuna mkeka au kapeti iliyokunjamana njiani, itoe. Bafuni fungeni chuma cha kushika ukutani, na taa ya choo iwake usiku kucha. Bibi yenu aliteleza bafuni, na bafu ndilo lililotakiwa kurekebishwa.

Vifaa unavyo. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye kimo kinachofika nyuma ya goti la mtu, yaani karibu sentimita 45, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Hiyo ndiyo mashine yako. Mzee asogee mbele ya kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua hadi pua ivuke magoti, kisha ainuke. Wengi hushindwa si kwa udhaifu, ila kwa sababu wanajaribu kuinuka wakiwa wameegemea nyuma. Hapo hata wewe hutaweza, jaribu. Akifika juu asimame wima, avute pumzi, na ashuke polepole kwa hesabu ya tatu. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja, usimwache ajitupe kitini kama gunia.

Asiyeweza kuinuka, muinulie kiti: weka mto mgumu au godoro lililokunjwa, aanzie juu. Ashike mikono ya kiti kama anahitaji. Mara nane, apumzike dakika mbili, mara nane tena. Ikifika siku anafanya mara 12, kwa awamu zote mbili, bila tabu, ondoa mto. Kisha mwondolee mikono, aikunje kifuani. Kisha akumbatie mfuko wa mchele wa kilo moja, halafu wa kilo mbili. Lazima kazi ipande. Hapa ndipo makao mengi yanaposhindwa: yanampa bibi zoezi la wiki ya kwanza kwa miezi sita, halafu wanasema mazoezi hayasaidii. Kipimo chako kiwe hiki: zile mara mbili za mwisho aone amefanya kazi, pumzi iwe juu kiasi kwamba anaweza kuzungumza nawe lakini hawezi kuimba.

La pili, kusimama kwa vidole. Ashike nondo za dirisha au ukuta wa baraza, anyanyue visigino, ashushe. La tatu, akae, afungiwe uzito kifundoni, anyooshe goti mbele hadi mguu uwe sawa, aushikilie kidogo, aushushe. Uzito unautengeneza: mfuko wa kitambaa uliojazwa nusu kilo ya mchanga na kushonwa, wenye vipande viwili vya kamba. Chupa ya maji ya nusu lita ikijazwa mchanga inafika karibu robo tatu ya kilo, nayo inafaa kwa mikono.

La nne ni usawa, na hili ndilo linalohitaji macho yako yote. Asimame mbele ya meza nzito au ukuta, kiti nyuma yake, nyayo zikiwa pamoja, sekunde 10. Akiweza, mguu mmoja usogee nusu hatua mbele. Akiweza, kisigino kiguse vidole vya mguu mwingine. Mwanzoni mikono miwili mezani, baadaye mkono mmoja, baadaye vidole viwili tu. Kisha atembee kiubavu ukutani, kwenda na kurudi. Usawa haujengwi mtu akiwa salama kabisa, lazima mwili utikisike kidogo ili ujifunze kujirudisha, na kazi yako ni kuhakikisha mtikisiko huo haufiki chini. Kunja kanga iwe mkanda mpana, mfunge kiunoni, ushike kwa nyuma. Usimshike kwapani wala mkono. Ukivuta mkono wa mzee anayeanguka, unaweza kumtegua bega, na yeye anaanguka vile vile.

Fanyeni siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi kwa mfano, nusu saa hadi dakika 40, baada ya chai na si kabla. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari wapimwe kwanza, sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/L) wale kitu ndipo waanze. Anayelalamika maumivu ya kifua, anayehema akiwa amekaa, mwenye homa, mwenye presha iliyozidi 180 juu au 110 chini, aliyevimba mguu mmoja ghafla, au aliyevunjika karibuni na daktari hajamruhusu, asifanye siku hiyo, na aonwe. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida, mwambie mapema asije akaogopa. Maumivu makali ya kiungo chenyewe, yanayoendelea hadi kesho yake, yanakwambia umepandisha kazi haraka mno.

Hayo ni mazoezi. Lakini dakika 40 mara tatu kwa wiki hazimwokoi mtu anayeketishwa saa zote zilizobaki, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Badilisheni namna mnavyohudumia. Maji ya kunywa yawekwe mezani upande wa pili wa baraza. Chakula kiliwe mezani, si mapajani. Anayeweza kufunga vifungo vyake afunge, hata kama dakika 10 zitapita na wewe ungefunga kwa moja. Kila anayepelekwa kwa kiti cha magurudumu ashuke hatua tano kabla ya mlango wa choo na azitembee, na wiki ijayo ziwe nane. Najua mko wanne kwa wazee 17, na mwezi wa kwanza mtachelewa kila kitu. Baadaye muda huo unarudi, kwa sababu mzee anayejiinua ni mgongo wako umepona. Nimewaona wahudumu wa umri wako wakiacha kazi kwa maumivu ya kiuno kwa sababu ya kubeba watu ambao wangeweza kusimama.

Neno mazoezi lenyewe usilitumie sana. Bibi zetu hawajawahi kufanya mazoezi maishani, walitwanga, walichota, walilima, walicheza ngoma. Ukimwambia bibi "njoo ufanye mazoezi" anaona unamgeuza mtoto wa shule. Nilikuwa na mama mmoja aliyekataa kunyanyua mkono wiki tatu. Siku moja jikoni walizidiwa, nikamwekea ungo wa mchele mbele yake juu ya meza ndefu, nikamwomba atuchambulie, huku mchele wenyewe nikiuweka upande wa pili. Alisimama kuufuata mara tisa, nilihesabu. Wawekeeni taarab au ngoma za kwao na muwaache wacheze wakiwa wameshika viti, kule kuyumba kiuno ni zoezi la usawa. Wanaume wapelekeni bao kwenye kona ya mbali ya uwanja, watalifuata. Na kina bibi msiwachanganye na wanaume kwenye mazoezi ya kunyanyua miguu. Wengi watakaa kimya tu hawatakwambia kwa nini hawataki. Mpe suruali nyepesi avae chini ya kanga, mpeleke chumba cha wanawake, utaona.

Wanaoswali, waulize tangu lini wanaswali kitini. Swali hilo linanieleza hali ya mapaja ya mtu kuliko vipimo vyangu vingi. Kuinuka kutoka rukuu na sijda ni kazi kubwa ya misuli iliyofanywa kila siku kwa miaka 60, na ilipokoma ndipo nguvu zilipoanza kuondoka. Usimlazimishe mtu kurudi chini, ila ukimwona ana hamu, hilo ni lengo zuri la kumfanyia kazi, zuri kuliko namba yoyote ya daftarini.

Kuhusu chakula: mzee anahitaji karibu gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Bibi wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 60. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kwa chai na mkate asubuhi na wali na mchuzi jioni hafiki hata nusu. Dagaa, maharage, samaki, mtindi, karanga zilizosagwa ndani ya uji, vyote vipo sokoni. Wenye figo dhaifu tu ndio wafuate maelekezo ya daktari wao.

Msimamizi wako hatashawishiwa na maneno. Mwonyeshe daftari. Kabla hujaanza, mpime kila mzee anayeweza kusimama: kwa sekunde 30 za saa ya simu, anainuka kitini na kukaa mara ngapi? Andika tarehe na idadi. Sifuri nayo iandike. Rudia kila baada ya wiki nne, na andika pia kila aliyeanguka, wapi, saa ngapi, amevaa nini. Muombe wiki nane tu, kwa wazee sita tu, ukiwa wewe na mwenzako mmoja. Na ndugu waambieni kabla, kwa uwazi: mzee anayesimama anaweza kuanguka, na mzee asiyesimama kabisa ataanguka siku atakapojaribu, kwa sababu iko siku atajaribu, usiku, akiona haya kuita mtu. Ndugu wengi wakielezwa hivyo wanaelewa. Wanaokuja juu ni wale wanaopigiwa simu baada ya jambo kutokea. Kama hospitali ya wilaya yenu ina mtaalamu wa fiziotherapia, mwombeni aje siku moja awaone wazee wote, hasa waliopata kiharusi, maana hao wanahitaji mpango wao wenyewe.

Nimebakiza yule bibi. Hofu yake ni ya kweli, usimwambie "hutaanguka", kwa sababu alishaanguka na anajua. Hakikisha kwanza mkono umepona na presha yake haishuki akisimama. Siku tatu za mwanzo msisimame popote. Weka mito miwili kitini, funga kanga kiunoni mwake, wewe kaa kwenye kiti kingine mkitazamana, magoti yenu yakikaribiana, meza nzito pembeni yake. Mwombe ainamishe pua ivuke magoti, ainue makalio kidogo tu, sentimita mbili, arudi. Mara tano. Yeye ndiye ahesabu, kwa sauti. Kesho tena. Siku atakayojikuta amesimama wima bila kuambiwa, usipige makofi wala kuita watu. Muulize taratibu kama angependa kwenda chooni kwa miguu, na utembee nyuma yake ukiwa umeshika kanga.

Uniandikie baada ya wiki nane, na uniambie idadi yake ya sekunde 30.